Maswali ya Wasomaji: Udzungwa, hifadhi inayotembelewa kwa miguu

Barua nyingi za toleo hili zinaulizia Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ile inayoanzia kandokando ya barabara ya Ifakara mkoani Morogoro na kupanda hadi upande wa Iringa. Ilianzishwa mwaka 1992, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990, na ndani yake hakuna barabara za kuzungusha magari ya watalii. Utaingia kwa miguu, ukiongozana na askari au mwongozaji wa hifadhi. Jambo hilo linabadilisha mipango yote, kuanzia viatu hadi idadi ya siku.

Sisi ni vijana wanne. Tunataka kutoka Dar es Salaam Ijumaa usiku kwa gari letu, tufike Jumamosi asubuhi, tupande maporomoko ya Sanje, tuone wanyama, jioni tugeuze. Inawezekana? Na simba wapo?
*Kijana wa Kinondoni*

Maporomoko mtayaona. Wanyama hamtawaona, au mtawaona migongo tu wakikimbia, halafu mtarudi mkisema Udzungwa haina kitu. Tatizo ni hesabu ya muda. Kutoka Dar hadi mji wa Mikumi ni kama kilomita 300, na kutoka Mikumi hadi Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, ni 60 na kidogo. Mkiendesha usiku mtapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi gizani, kilomita 50 za barabara kuu ambako twiga, nyati na tembo huvuka wapendavyo. Ukimgonga mnyama unalipa faini kulingana na aina yake, na tembo akigongwa, faini ndiyo itakuwa shida yenu ndogo. Baada ya hapo mtafika Mang'ula hamjalala, mlipie, msubiri mwongozaji, mwende kituo cha Sanje kilicho kama kilomita 9 kaskazini ya makao makuu, na mtaanza kupanda saa 5 jua likiwa kali. Saa hizo kima na mbega wameshashiba na wamejilaza juu kabisa ya miti. Mnaweza kupita chini yao msijue.

Panga siku mbili kamili na usiku mbili. Ondokeni Dar Ijumaa alfajiri, mlale Mang'ula. Jumamosi msiende Sanje. Saa 1 asubuhi muwe tayari kwenye njia fupi za karibu na makao makuu, mtembee polepole, msimame dakika kumi kila mnaposikia matawi yakitikisika. Sanje iwe Jumapili. Njia yake ya mzunguko ni takriban kilomita 5, lakini kwa sababu ya mwinuko huchukua saa nne, na mkiogelea kwenye mabwawa yake ongezeni saa moja. Maji hushuka mita 170 kwa ngazi tatu. Kila mtu abebe lita tatu za maji ya kunywa. Kule juu, mnapotazama bonde la Kilombero na mashamba ya miwa, kaeni mbali na ukingo: jiwe linaloonekana kavu lina utando wa kijani unaoteleza, na viatu vya mpira vilivyolika havishiki.

Simba msimtegemee. Chui, tembo na nyati wamo, ila msitu ni mzito na huonekana kwa nadra. Udzungwa ni nchi ya nyani wa jamii mbalimbali na ndege. Mbega mwekundu wa Udzungwa hapatikani popote duniani nje ya milima hii. Hali kadhalika ngolaga, yaani kima wa Sanje, ambaye wanasayansi hawakumfahamu hadi mwaka 1979, tena walimgundua kwa sauti kabla ya kumwona vizuri. Msitu wenyewe ni wa thamani ya pekee: unapanda bila kukatika kutoka mita 250 hivi juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 2,500, jambo ambalo limebaki mahali pachache sana Afrika Mashariki.

Sina gari. Nifikeje bila kukodi?
*Msomaji wa Tabata*

Mabasi ya Ifakara hutoka kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, asubuhi, na hupita Mang'ula. Mwambie kondakta tangu mwanzo kwamba unashukia makao makuu ya hifadhi, la sivyo utapelekwa hadi stendi ya mbele. Ukikosa basi la moja kwa moja, panda lolote la Iringa au Mbeya, shuka mji wa Mikumi, kisha uchukue kosta au basi dogo la Ifakara kwenye njia panda. Jitahidi uwe Mikumi kabla ya saa 9 alasiri, kwa sababu baada ya hapo magari hupungua.

Tangu Juni 2024 kuna pia treni ya mwendokasi kutoka Dar hadi Morogoro. Ni njia nzuri ya kukwepa foleni ya kutoka jijini, ila stesheni iko Kihonda, kwa hiyo weka akiba ya nauli ya bajaji hadi stendi ya Msamvu. Treni ya TAZARA nayo hupita Mang'ula na ina mandhari ya kupendeza sana ya bonde. Ukikata tiketi uliza kama treni hiyo inasimama Mang'ula, maana za haraka hupita vituo vidogo. Usiitegemee kwa kurudi ikiwa Jumatatu unatakiwa kazini: inayotoka upande wa Zambia huja na ucheleweshaji wote wa njiani.

Wenye magari, kuanzia Juni msimu wa kuvuna miwa unapoanza, kati ya Kidatu na Mang'ula kuna matrekta yenye matela marefu ya miwa, mengine bila taa za nyuma. Pita sehemu hiyo mchana.

Nataka kwenda na mama yangu mwenye miaka 68, magoti yanamsumbua, na mwanangu wa miaka sita. Je, kuna lolote la sisi, au ni hifadhi ya vijana tu?
*Mama wa mtoto mmoja, Morogoro mjini*

Lipo, dada, na pengine ninyi mtaona wanyama wengi kuliko hao vijana wa Kinondoni, kwa sababu mwendo wenu ni wa pole.

Anzeni na njia ya Prince Bernhard, iliyopewa jina la mwanamfalme wa Uholanzi aliyeifungua hifadhi mwaka 1992. Ni takriban kilomita 1, wenye haraka huimaliza kwa dakika 40. Nyinyi ipangieni saa mbili. Huanzia karibu na makao makuu, inafika kwenye maporomoko madogo, na ni ya wastani kwa bibi mwenye fimbo mbili, si moja. Fimbo mbili zinapunguza uzito kwenye magoti wakati wa kushuka, na kushuka ndiko kunakoumiza. Mwambie mwongozaji hali ya mama kabla ya kuanza, siyo katikati ya njia.

Siku ya pili, kama mama ameamka vizuri, jaribuni Sonjo, kilomita 2.5, saa mbili kwa mtu wa kawaida. Sanje muiache. Si kwa ajili ya mtoto, maana mtoto wa miaka sita anaweza kupanda akibembelezwa. Ni kwa sababu mtu akishindwa nusu ya njia ya Sanje hakuna gari la kumfuata. Atashuka kwa miguu yake au kwa machela ya mabega ya watu.

Mtoto avae suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi. Siafu wakivuka njia, msisimame kuwatazama. Mruke au mkimbie hatua kumi, ndipo mkaguane. Mfundisheni pia asishike maganda ya mmea wenye manyoya ya kahawia: huo ni upupu, na akijikuna akishika macho, safari imeisha siku hiyo. Ukimgusa, msisugue, bandueni manyoya kwa utepe wa gundi au kwa tope linaloachwa likauke, kisha osheni.

Na jambo la mwisho kwenu: mmoja akiwa na mafua au kikohozi, abaki kambini. Nyani hawa wanaambukizwa maradhi yetu. Hata mkiwa wazima, msisogee karibu kuliko mita 10, na chakula kibaki ndani ya mkoba. Kima aliyepewa ndizi mara mbili atamnyang'anya mtoto wa mgeni wa kesho.

Gharama zikoje, na nilipe wapi? Nimesikia hawapokei fedha taslimu.
*Mtumishi wa Dodoma*

Ulivyosikia ni kweli. Hulipi mkononi. Getini unatengenezewa namba ya malipo ya serikali, unalipa kwa simu au kadi ya benki, unapewa stakabadhi. Kwa hiyo salio liwe kwenye simu kabla hujafika, na usimuachie mtu mmoja alipe kwa watu kumi, kwani laini nyingi zina kikomo cha muamala kwa siku.

Bajeti yako iwe na mafungu manne yaliyotenganishwa: kiingilio, mwongozaji, kambi kama utalala ndani, na usafiri wa kwenda mwanzo wa njia. Wengi husahau la mwisho. Sanje si getini, na pikipiki au gari la kwenda na kurudi linalipiwa kando. Kiingilio huhesabiwa kwa saa 24 na kwa kila mtu, ilhali mwongozaji hulipwa kwa kundi. Hapo ndipo watu wanne wanapopata nafuu ambayo mtu mmoja haipati. Raia wa Tanzania na wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango cha chini sana kuliko cha wageni wa nje, mradi wathibitishe uraia. Beba kitambulisho cha taifa. Kwa watoto, nakala ya cheti cha kuzaliwa. Ukiuliza viwango TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, uliza kama ni pamoja na VAT au bado. Tofauti hiyo kwa familia ya watu sita inafika nauli.

Ninawaleta wanafunzi 40 wa kidato cha pili. Mnashauri nini?
*Mwalimu wa Jiografia, Kilosa*

Mwalimu, tanguliza barua ya utambulisho ya mkuu wa shule yenye orodha ya majina, ufike nayo kwa mhifadhi wiki mbili kabla. Bila barua hiyo ni vigumu kupata unafuu wa wanafunzi, na waongozaji wa kutosha hawataandaliwa.

Msitembee 40 kwa mstari mmoja. Mstari huo una urefu wa mita 60 au zaidi, wa nyuma hasikii chochote, na kelele zake zinawahamisha mbega kabla wa mbele hawajafika. Gawa makundi manne ya watu kumi, kila moja na mwalimu au kiongozi wake, njia mbili tofauti, mpishano wa nusu saa. Zamu ya kwanza ipewe kundi linalokaa kimya.

Kwa somo lenyewe, Udzungwa inafundisha vizuri kuliko ramani. Miteremko ya mashariki inapokea upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, mvua inaanguka huku, na upande wa Msosa, karibu na Ruaha Mbuyuni, mlima uleule umekauka na kuota mibuyu. Kisha wafuatishe maji. Mto Lukosi hushuka kutoka milima hii na kuingia Ruaha Mkuu, na Ruaha Mkuu ndio unaozungusha mitambo ya Kidatu yenye uwezo wa megawati 204. Wakipita Kidatu wakirudi, simamisheni gari dakika tano waone mto.

Simu yangu ni ya kawaida tu. Kila picha ya msituni inatoka nyeusi au imetetemeka. Kwa nini?
*Binti wa Ifakara*

Kwa sababu chini ya miti mwanga ni mdogo mno na juu yake mna anga jeupe. Simu inapima anga, inamfanya mnyama awe kivuli. Gusa kioo palipo na mnyama, kisha vuta mwanga juu kidogo. Usikuze picha kwa vidole. Piga ilivyo, ukate baadaye. Egemeza mkono kwenye shina na upige picha kumi mfululizo, moja itatulia. Mwanga wa simu uzime, unamtisha mnyama na haufiki hata mita 5.

Wenye kamera: wekeni kasi isiyopungua 1/250 na muikubali chembechembe kwenye picha. Picha yenye chembechembe inatumika, iliyotetemeka haitumiki. Na kabla ya kununua lenzi kubwa, nunueni darubini ya mkono ya 8x42. Kwenye msitu huu darubini itawapa mengi zaidi.

Masikio nayo yana kazi. Alfajiri mbega weusi kwa weupe huunguruma kwa pamoja, sauti nzito inayovuka bonde. Ngolaga hutoa mlio mmoja wa juu, kimya kifupi, halafu mfululizo wa kukoroma. Mkisikia, msimfuate mbio. Kaeni, acheni kundi lije. Ngolaga hushuka ardhini kutafuta mbegu na wadudu, na mara nyingi hupita jirani na mtu aliyetulia. Ukiona mbega mwekundu, angalia pia pembeni yake, maana hupenda kuchanganyika na kima wengine.

Tunataka kupanda kilele cha Mwanihana na kulala msituni. Tujiandae vipi?
*Kikundi cha watembeaji, Iringa*

Mwanihana ni njia ya kilomita 38, siku tatu na usiku mbili, hadi juu ya mita 2,100. Sio ya kwenda kuulizia getini asubuhi ileile. Toeni taarifa angalau wiki moja kabla, kwa sababu lazima apatikane askari mwenye silaha (njia inapita makazi ya tembo na nyati) pamoja na wapagazi.

Kinachowarudisha watu wengi njiani ni kuchelewa kuanza na mizigo mizito, na hayo mawili hufuatana. Kundi linaamka, linafungua mizigo ili kuigawa upya, linaondoka saa 5, giza linawakuta kabla ya kambi. Mizigo ifungwe na kupimwa usiku wa kuamkia safari. Mgeni abebe kilo 8 hadi 10, mpagazi asizidi 20 pamoja na vitu vyake mwenyewe. Chakula kikavu kihesabiwe gramu 700 kwa mtu kwa siku: unga, mchele, dagaa, karanga, sukari. Nyanya na vitunguu ni vya usiku wa kwanza tu. Pikieni jiko la gesi, si kuni za hifadhini.

Maji ya vijito yachemsheni hadi yatokote kwa dakika moja kamili, au tumieni vidonge vya kusafishia maji. Hapa someni pakiti. Vipo vidonge vya ndoo ya lita 20 na vipo vya chupa. Kidonge cha ndoo kikitiwa kwenye chupa ya lita moja, maji yatanuka na kuchoma tumbo. Subirini dakika 30 kabla ya kunywa.

Usiku juu ni baridi kweli, watu wa Iringa mnaijua, ila hii ni baridi ya unyevu. Nguo za kulalia zisivaliwe kutembelea hata kama zingine zimelowa. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo tafuteni begi lisilopitisha maji, na viberiti, simu na dawa mvitie kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza.

Mkikuta kinyesi cha tembo kinachofuka au matawi yaliyovunjwa sasa hivi, kimya, na mtu asitoke nyuma ya askari. Askari atapima upepo na pengine atawarudisha au kuwasubirisha saa nzima. Msimbishie. Tembo hawa wana njia zao za miaka mingi. Karibu na Mang'ula, kwenye ushoroba wao wa Kilombero, yaani njia yao ya kuhama, kimejengwa kivuko cha chini ya barabara ili watoke milimani kwenda upande wa Hifadhi ya Nyerere bila kupambana na magari na mashamba, kazi ambayo tungependa kuiona ikiigwa kwingine.

Tutamwona chura wa Kihansi?
*Mwanafunzi, Mbeya*

Hapana. Korongo la Kihansi liko katika milima ya Udzungwa lakini nje ya hifadhi. Chura huyo aligunduliwa mwaka 1996, akatangazwa kutoweka porini mwaka 2009, na waliozalishwa Marekani walianza kurudishwa korongoni mwaka 2012. Si eneo la matembezi ya kawaida.

Natoka Mombasa. Msitu wetu wa Arabuko-Sokoke naujua vizuri. Nije Udzungwa mwezi gani, nipite wapi, na malaria ikoje?
*Mpenzi wa ndege, Nyali*

Kaka, Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kuaminika. Machi hadi Mei usije; njia zinateleza, mito inajaa na baadhi ya njia hufungwa. Novemba ndege huimba sana, ila uwe tayari kulowa kila alasiri.

Beba pasipoti ya Afrika Mashariki au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukivuka Lunga Lunga na Horohoro huna haja ya kuingia Dar. Shuka Chalinze, hapo magari ya Morogoro ni mengi. Hakikisha tu basi lako linapita Chalinze, kwa sababu mengine hukata Msata kwenda Bagamoyo.

Tofauti na Sokoke, ambako ardhi ni tambarare, huku ndege hubadilika kadiri unavyopanda. Siku moja ya chini na siku moja ya Sanje zitakupa orodha mbili. Kwale wa Udzungwa aliyegunduliwa 1991 na sange mwenye uso wa kijivu (si ndege, ni mnyama mdogo mwenye pua ndefu) aliyetangazwa 2008 ni wa misitu ya mbali ya Ndundulu. Hao wanadai safari ya siku nyingi kutokea upande wa Iringa. Uliyemzoea Sokoke, sange mwenye kiuno cha dhahabu, huku hayupo.

Malaria ichukulie kwa uzito. Bonde la Kilombero ni miongoni mwa maeneo ambako utafiti wa malaria nchini umefanyika kwa muda mrefu zaidi, na si kwa bahati. Anza dawa za kinga kama daktari wako atakavyokuelekeza kabla hujaondoka nyumbani, lala ndani ya chandarua, vaa mikono mirefu kuanzia machweo. Ukipata homa ukiwa Mang'ula usisubiri kufika kwenu. Pimwa siku hiyohiyo. Na ukipata homa ndani ya wiki kadhaa baada ya kurudi, mwambie daktari wa Mombasa kwamba ulikuwa Kilombero na tarehe ulizolala huko.